Macho yangu hayaponi, na watu wameanza kunong'ona

SWALI

Shikamoo Mama Muuguzi,

Mimi ni mama wa miaka 34, fundi cherehani, nina kibanda changu Ng'ambo hapa Tabora mjini. Nina watoto watatu, wa mwisho ana miezi saba na bado ananyonya. Unisamehe kwa barua ndefu. Nimehangaika na macho haya mwaka wa tatu sasa na nimechoka.

Nikiamka asubuhi kope zimegandana, mpaka nilowanishe kitambaa ndipo jicho lifunguke. Na matongotongo yenyewe si yale ya majimaji, ni kama magamba, yameng'ang'ania kwenye mashina ya nywele za kope kama unga wa muhogo. Mchana macho yanawasha na kuchoma kama yameingia mchanga. Upepo ukivuma machozi yanatiririka, wateja wanadhani nimetoka msibani. Kutunga uzi kwenye sindano siku hizi namwita binti ninayemfundisha kazi. Nywele za kope zinanyonyoka, na mwaka jana peke yake nilipata chokea mara tatu.

Mara ya kwanza nilikwenda zahanati nikapewa dawa ya mafuta ya kupaka, ile ya tyubu ndogo. Nikapaka wiki moja, nikapona. Baada ya mwezi, yale yale. Nikarudi, nikapewa tyubu ile ile. Mara ya tatu sikurudi, nikaenda duka la dawa. Kijana wa pale akaniuzia matone ambayo, Mama, yalikuwa ya miujiza: siku ya pili macho meupe pe. Tangu hapo kila yakichafuka natia siku nne tano, yanatulia. Sasa ni mwaka na zaidi, ila naona hayatulii kama mwanzo, na chupa inaisha mapema.

Jirani anasema nina vikope. Shemeji yangu anarina asali Sikonge, kaniletea chupa, anasema wazee walikuwa wanatia tone moja jichoni usiku. Nimetia mara mbili, iliwaka moto nikalia kama mtoto. Mwingine kaniambia nikamulie maziwa yangu mwenyewe.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mama mkwe wangu naye ana macho mekundu miaka mingi, anapika kwa kuni, na mimi naishi naye. Majuzi wateja wawili walikuwa wanasubiri nguo, nikamsikia mmoja anamwambia mwenzake, "Nyumba ile wanarithishana." Nilijifanya sikusikia, nikaendelea kukanyaga cherehani. Unajua huku kwetu maneno kama hayo si ya kuchekea.

Sasa huu ni ugonjwa gani usiopona? Nitamwambukiza mtoto? Na jambo la mwisho, utaniona sina akili: mdogo wangu anaolewa miezi mitatu ijayo na wamepanga sisi ndugu tubandike kope za bandia. Naweza?

Fundi wa Ng'ambo, Tabora

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale kwenye matone ya miujiza. Naanza na hayo, mengine yatasubiri.

Chukua chupa, isogeze kwenye mwanga, mpe huyo binti wako akusomee maandishi madogo. Akikuta deksamethasoni, prednisoloni, betamethasoni au haidrokotisoni, iwe peke yake au imechanganywa na antibayotiki, hiyo ni steroidi. Steroidi inazima wekundu haraka kuliko kitu chochote kilichopo dukani, ndiyo maana umeipenda. Chanzo inakiacha pale pale. Na ikitiwa mara kwa mara bila mtu kukupima, inaweza kupandisha presha ya jicho. Presha hiyo haiumi wala haiwashi. Inaula mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo taratibu, kuanzia pembeni, na kilicholiwa hakirudi. Steroidi hiyo hiyo inaweza kukuletea mtoto wa jicho kabla ya uzee, na kama una virusi vya malengelenge kwenye kioo cha jicho, ule utando angavu wa mbele, unakuwa umevifungulia mlango.

Nilipokuwa kazini nilimpokea dereva wa lori aliyekuwa akitia matone ya namna hiyo kwa ajili ya vumbi la barabarani. Alikuwa akinunua kila mji anakopita. Hakuja kwa sababu ya maumivu. Alikuja kwa sababu alianza kugonga vitu vya pembeni, mara nguzo, mara ukuta wa geti, na tajiri wake akadhani anakunywa. Mbele alikuwa anaona vizuri tu.

Sisemi haya kukutisha hadi ukose usingizi. Umetia siku chache chache na pengine jicho lako halina shida yoyote ndani, lakini hilo hulijui wewe wala mimi, anayelijua ni atakayelipima presha. Usifungue chupa nyingine. Wekundu utarudi, na kwa siku kadhaa unaweza kurudi kwa nguvu. Usichukue hiyo kuwa ushahidi kwamba unayahitaji. Daktari wa macho naye huandika steroidi kwa ugonjwa kama wako mara mojamoja, kwa siku za kuhesabu, akijua anatazama nini. Ugomvi wangu ni wa kabati la vioo la dukani.

Sasa ugonjwa. Kwa dalili ulizoandika, magamba kwenye mashina ya kope, kugandana asubuhi, chokea za mfululizo, machozi ya upepo, inaelekea ni kuvimba kwa ukingo wa kope kwa muda mrefu. Kwenye kadi daktari ataandika blefaritisi. Nasema inaelekea, kwa sababu barua haina macho ya kutazama.

Wewe ni mtu wa Tabora, nikueleze kwa asali. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ikishika, asali ya shemeji yako inaganda kwenye chupa, inakuwa kama samli. Ukipindua chupa haitoki. Unafanyaje? Huitupi. Unaisimamisha kwenye sufuria ya maji ya moto, unasubiri, inarudi kuwa asali. Basi kwenye ukingo wa kope zako, nyuma tu ya mstari wa nywele, kuna safu ya vitundu vya mafuta, kama 30 kope ya juu na 20 na ushee kope ya chini. Vinaitwa kwa jina la daktari wa Kijerumani, Heinrich Meibom, aliyeviandika mwaka 1666. Kila unapopepesa, vinatoa mafuta kidogo sana yanayoelea juu ya machozi ili yasikauke.

Ukingo ukivimba, mafuta yanaganda. Kliniki tukimkalisha mgonjwa kwenye darubini na kubonyeza kope kidogo, kwa mtu mzima wa afya kinatoka kitone angavu kama mafuta ya alizeti. Kwa mtu kama wewe kinatoka kiuzi kizito cheupe, kama dawa ya meno ikisukumwa kwenye tyubu. Vingine havitoi kabisa. Hapo machozi yanakosa kifuniko, yanakauka upesi, jicho linachoma, na jicho likichoma linajihami kwa kumwaga machozi mengi ya ghafla. Ndiyo sababu unalia kwenye upepo na huku jicho lako ni kavu. Watu wengi hawaniamini nikisema hivyo. Na kitundu kikiziba moja kwa moja kinavimba, hapo unapata chokea.

Kazi yako nayo inachangia, samahani kusema. Mtu akikazia macho mshono anasahau kupepesa, na usipopepesa mafuta hayakamuliwi. Kila ukimaliza mkunjo mmoja, fumba macho taratibu mara tano, fumba hasa, ndipo ushike kitambaa kingine.

Huo ni upande wa nyuma wa ukingo. Upande wa mbele, kwenye nywele, kuna bakteria wa kawaida wa ngozi waliozidi idadi, na mara nyingi kuna mba. Hujaniandikia kama una mba kichwani au kwenye nyusi. Jitazame. Kama upo, utibu kwa shampuu ya mba, maana kope hazitatulia kichwa kikiwa kinamwaga. Wapo pia vidudu vidogo mno, visivyofika hata nusu milimita, vinavyoishi kwenye mashina ya nywele za kope. Watu wazima wengi wanavyo na hawajui, ila vikizidi vinaacha uchafu unaozunguka shina la nywele kama soksi. Usianze kuchubua kope kwa ajili yao, na usikubali kuuziwa mafuta makali ya mitishamba yapakwe hapo. Nimeona kioo cha jicho kilichoungua kwa dawa ya vidudu.

Kwa hiyo utapona? Kama unauliza vile tunavyopona malaria, dozi ikaisha ukasahau, hapana. Huu ni wa kutunza, kama meno. Wale wa zahanati hawakukosea dawa. Ile ya tyubu huenda ilikuwa tetrasaiklini, na ina kazi yake hapa. Walichokosa, na sisi wauguzi tunakikosa sana foleni ikiwa ndefu, ni kukukalisha chini wakakuonyesha kazi ya kitambaa. Dawa ilipakwa juu ya magamba.

Fanya hivi. Chemsha maji, yatie kwenye chupa ya chai ili yakae moto. Nawa mikono kwa sabuni. Tafuta kitambaa safi cha pamba, wewe ni fundi vipande hukosi, lakini kiwe kimefuliwa na kukauka juani, na kiwe chako peke yako. Changanya maji ya moto na ya baridi hadi upate joto ambalo mgongo wa mkono unalivumilia bila kushtuka, nyuzi 40 au juu yake kidogo. Chovya, kamua, fumba macho, weka juu ya kope. Hapa ndipo watu wanapokosea: kitambaa kinapoa kwa dakika moja, nao wanakaa nacho dakika kumi wakidhani wanajitibu. Asali iliyoganda haiyeyuki kwa maji ya uvuguvugu. Chovya tena, weka tena, kila kinapopoa, kwa dakika tano hadi kumi. Mtoto akiwa amelala ndiyo nafasi yako, na chupa ya maji ya moto iwe mbali na miguu yake.

Joto likiisha kuingia, usikawie. Kwa ncha ya kidole, jicho likiwa limefumbwa, sukuma taratibu kope ya juu kuelekea chini na ya chini kuelekea juu, yaani siku zote kuelekea kwenye nywele. Unakamua mafuta, huchui nyama, kwa hiyo usibonyeze jicho lenyewe.

Halafu osha. Tone moja la shampuu ya watoto kwa matone kumi ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Chovya kijiti cha pamba au kona ya kitambaa safi, pitisha kwenye mashina ya nywele kutoka pembe hadi pembe, magamba yatoke. Kama gamba limeshika, lilowanishe tena, usilibandue kwa kucha. Suuza. Ikiwa shampuu inakuwasha, tumia maji matupu yaliyochemshwa. Kama daktari atakuandikia tena ile dawa ya mafuta, inapakwa sasa, kwenye ukingo uliosafishwa, na kwa muda aliosema, hata kama macho yameshakuwa meupe.

Asubuhi na jioni kwa wiki nne hadi sita kabla hujanilalamikia. Yakishatulia, mara moja kwa siku, na hiyo mara moja haina mwisho. Ukiacha mwezi, utaniandikia tena.

Kwa macho sugu tunatoa pia vidonge vya doksisaiklini kwa muda mrefu. Wewe unanyonyesha, kwa hiyo usivinunue hata shoga yako akikuapia vilimsaidia. Mwambie daktari mapema kwamba una mtoto wa miezi saba, ana njia nyingine. Machozi ya kutengenezwa, ya matone, hayo waweza kuyatia bila wasiwasi. Uliza yasiyo na dawa ya kuondoa wekundu ndani yake, kwa sababu hizo nazo zina mazoea mabaya.

Asali ya shemeji, itie kwenye chai. Ya kwenye chupa ina vumbi, ina vipande vya nta, ina vijidudu ambavyo tumboni kwa mtu mzima havina neno lakini kwenye kioo cha jicho vina neno. Na mdogo huyo wa miezi saba asilambishwe kabisa hadi atimize mwaka. Maziwa yako ni yake, mwachie.

Kuhusu vikope. Huku watu wakisema vikope wanamaanisha trakoma, ugonjwa mwingine kabisa, wa bakteria, unaoambukizwa kwa mikono, nzi na vitambaa vya uso. Ule ukikaa miaka unakunja kope ndani, na nywele zinakwangua kioo kila mtu anapopepesa. Huo una dawa yake, azithromaisini, na kope zilizokunjika zina upasuaji mdogo. Wa kwako, kama ni blefaritisi, hauambukizi. Mnyonyeshe mtoto, mbusu, lala naye. Kitambaa cha kope tu ndicho usimfutie.

Ila mama mkwe sina hakika naye, na nataka uende naye. Mtu aliyepuliza kuni miaka 40 ana kila sababu ya kuwa na macho mekundu, na anaweza kuwa na yote mawili, moshi na kope zilizokunjika ndani. Mwulize kwa upole kama huwa anazing'oa nywele za kope kwa kibanio. Wazee wengi wanafanya hivyo kimyakimya kwa sababu zinawachoma. Akisema ndiyo, usingoje.

Na hao wateja wako. Sitakuambia uwapuuze, maana najua tunakoishi. Mikoa yetu hii na kanda ya ziwa, vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na yaliyoyafanya mekundu ni moshi wa ugali tuliokula sisi. Mwambie mume wako ulichokisikia, kwa maneno yale yale, asisikie kwa wengine. Mwambie na mwenyekiti wa mtaa wakati bado ni mnong'ono. Ukitoka hospitali, kadi usiifiche mkobani. Mteja akikutazama macho mwambie jina la ugonjwa na kwamba unajitibu. Mimi ningekwenda mbali zaidi, ningembandika mama mkwe kwenye benchi la kibanda mchana kweupe, afungue vifungo na kuchambua nyuzi huku anapiga soga na wateja. Mtu aliyekufungulia vifungo vya gauni lako ni vigumu kumwita mchawi. Na mtoeni kwenye moshi wa jiko, hata kama ni kutoboa dirisha tu.

Harusi. Huna ukosefu wa akili, mwanangu, kila mtu anataka kupendeza kwa mdogo wake. Kope za bandia hapana. Gundi inakaa juu ya vile vitundu unavyojitahidi kuvifungua, na wakati wa kuzibandua zitaondoka na zako chache zilizobaki. Kama umefanya kazi ya kitambaa miezi hii mitatu na macho yametulia, paka rangi ya kope siku hiyo moja, kwenye ncha tu, kichupa kipya ambacho hakijagusa jicho la mtu. Wanja ndani ya ukingo usitie, na usiazimane. Usiku huo huo, hata kama miguu inauma kwa kucheza, osha kope kabla hujalala.

Kuna mambo yakitokea usisubiri zamu yako ya kliniki: jicho kuuma hasa, siyo kuwasha, mwanga kukuumiza, kuona ukungu usioondoka ukipepesa, doa jeupe kwenye jeusi la jicho. Na chokea ikirudi pale pale kila mara, au nywele zikinyonyoka sehemu moja tu ya jicho moja, waonyeshe waitazame vizuri, kwa mtu mwenye umri wa mama mkwe hasa.

Kwako ni karibu, nenda kliniki ya macho ya hospitali ya rufaa ya mkoa pale Kitete. Waambie unataka upimwe presha ya macho, na utaje wewe mwenyewe kwamba umetia matone ya dukani mwaka mzima, usione haya, wanayasikia kila siku. Siku hiyo usijipake wanja wala mafuta usoni, ili waone ukingo ulivyo. Na ile chupa usiitupe kwa hasira baada ya kusoma hapa. Ifunge kwenye karatasi uende nayo, watataka kusoma jina lake.